Mashahidi Wawili wa Kuthibitisha Kwamba Upo Hai

Simu iliita saa nne kasoro asubuhi, siku ya Jumanne. Aliyepiga alikuwa rafiki yangu wa miaka mingi, na sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. Aliniambia kwamba baba yake, mzee wa miaka sabini na sita, aliondoka nyumbani kabla ya alfajiri akifuatana na wazee wenzake wawili, akaenda hadi kwenye ofisi inayomlipa pensheni, akapanga foleni, na alipofika dirishani akamweleza karani kwamba hao aliokuja nao ni mashahidi wake, wanamfahamu tangu utotoni, na wamekuja kuthibitisha kwamba yeye bado ni mzima.

Karani hakuelewa. Mzee akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akampa.

Ilikuwa makala yangu.

Nilikuwa nimeiandika wiki tatu kabla ya siku hiyo, kwa umbo la tangazo rasmi lenye masharti kumi na moja ambayo kila mstaafu angepaswa kuyatimiza ili aendelee kulipwa. Niliilenga ofisi hiyo hiyo, ambayo kwa miaka mingi imewachosha wazee kwa uhakiki usiokwisha, kwa nakala zinazopotea na kwa madirisha yanayofungwa kabla ya saa. Masharti saba niliyachukua kama yalivyo kutoka kwa watu waliopitia pale. Manne niliyabuni, na la mashahidi wawili lilikuwa miongoni mwa hayo. Baadaye mtu nisiyemjua alinakili maneno yote, akaliondoa jina la blogu yangu pamoja na mstari mdogo wa juu uliosema kwamba hii ni kejeli, akayasambaza kwenye makundi ya WhatsApp, na mjukuu mwenye nia njema akamchapishia babu yake.

Kabla ya kukata simu rafiki yangu aliniambia jambo moja zaidi. Karani aliwaita wenzake, wakaisoma karatasi ile kwa sauti mbele ya foleni nzima, wakacheka.

Waliocheka ndio niliokusudia wachekwe.

Msomaji mwenye akili timamu

Jibu langu la kwanza, ambalo sikulitamka, lilikuwa la kujitetea. Nilijiambia kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeamini kwamba ofisi ya umma inaweza kumtaka mtu alete mashahidi wa uhai wake ilhali yeye mwenyewe amesimama pale akizungumza. Utetezi huo si wangu peke yangu. Una historia ndefu, na umefika hata mahakamani. Jarida la Hustler la Marekani lilichapisha mwaka 1983 tangazo la mzaha mchafu kumhusu mhubiri Jerry Falwell, na chini yake likaweka maandishi madogo yaliyosema kwamba jambo hilo lisichukuliwe kwa uzito. Falwell alishtaki. Raia walioketi kuamua kesi hiyo waliona kwamba hakuna mtu wa kawaida ambaye angeyachukua maneno yale kuwa habari ya kweli, lakini wakaamuru alipwe kwa maumivu ya moyo aliyoyapata. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ilitengua malipo hayo, kwa hoja kwamba mtu mashuhuri hawezi kulipwa kwa kuumizwa na kejeli isipokuwa pale inapodai jambo la uongo kuwa ni la kweli, na mwenye kulidai anajua au hajali kwamba ni la uongo.

Nilikuwa nikiipenda hukumu hiyo kwa miaka mingi, na bado naiona ni sahihi. Siku ile, hata hivyo, niliitumia kwa jambo ambalo haikukusudiwa: niliitumia kumwona baba wa rafiki yangu kuwa mtu asiye na akili timamu. Lugha yetu yenyewe ilinisaidia katika kosa hilo, kwa kuwa tumezoea kusema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua, na methali hiyo inapotumiwa vibaya humwondolea mfumbaji mzigo wote na kumtwisha yule aliyeshindwa kufumbua.

Mzee yule alikuwa mtunza hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliisoma makala yangu kwa utaratibu kuliko nilivyoiandika, akapigia mistari masharti aliyoyaona mapya, akaanza kuyatekeleza moja baada ya jingine. Anaifahamu ofisi ile kuliko mimi ninavyoifahamu. Masharti saba kati ya kumi na moja alikuwa ameshayatimiza mwenyewe, mengine mara mbili kwa sababu mafaili yake yalipotea. Kwa mtu aliyepitia hayo, kulikuwa na sababu gani ya kushtushwa na la nane?

Wala si wazee pekee wanaoamini. Mwaka 2009 magazeti mawili ya Bangladesh yalichapisha kama habari ya kweli hadithi ya gazeti la kejeli la Marekani, The Onion, iliyodai kwamba Neil Armstrong ameshawishika kuwa safari yake ya mwezini ilikuwa ya kuigiza, kisha yakalazimika kuwaomba radhi wasomaji wao. Mwaka 2012 gazeti hilo hilo la kejeli lilimtangaza Kim Jong-un kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani, na tovuti ya gazeti la People's Daily la China ikaieneza habari hiyo pamoja na picha zake 55. Hao walikuwa wahariri, watu wanaolipwa ili watilie shaka.

Jambo la Bangladesh lilinigusa kwa namna ya pekee nilipolikumbuka tena, kwa sababu aliyeomba radhi alikuwa aliyedanganyika. Mwandishi wa hadithi hakutakiwa kusema lolote. Sioni kwamba alipaswa kuomba radhi, kwa maana waliodanganyika walikuwa na nafasi na nguvu ya kuhakikisha kabla ya kuchapisha. Lakini mstaafu mwenye karatasi iliyochapishwa na mjukuu wake angehakikisha wapi, kama si pale pale dirishani?

Defoe kwenye mkatale

Katika wiki zilizofuata nilirudi mara nyingi kwenye kisa cha Daniel Defoe, mwandishi wa Uingereza ambaye wengi wanamjua kwa riwaya tu. Mwishoni mwa mwaka 1702 alichapisha, bila kutia jina lake, kijitabu kilichotaka Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la Uingereza waangamizwe kabisa. Defoe mwenyewe alikuwa mmoja wa waliojitenga. Alichokifanya ni kuichukua sauti ya mahasimu wake wakali, akaifikisha pale ambapo wao wenyewe walikuwa hawajathubutu kuifikisha, akitumaini kwamba wakijisikia wataona aibu.

Hawakuona aibu. Baadhi yao walikipongeza kijitabu hicho wakidhani kimeandikwa na mwenzao, na watu wa upande wake mwenyewe wakaingiwa na hofu, wakiamini kwamba mauaji yanaandaliwa. Ilipojulikana kwamba mwandishi ni Defoe, pande zote mbili zilimgeuka: wa kwanza kwa kuwa aliwafichua, wa pili kwa kuwa aliwatisha. Serikali ilitangaza zawadi kwa atakayesaidia kumkamata, na mwezi Julai 1703 alisimamishwa kwenye mkatale hadharani kwa siku tatu.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha ushujaa, na adhabu ile ilikuwa dhuluma, sina shaka. Kilichonishika safari hii ni wale wa upande wake. Nilijaribu kufikiri jinsi usiku ulivyokuwa katika nyumba ya mtu aliyekisoma kijitabu kile na kukiamini, akawatazama watoto wake waliolala, akahesabu njia za kukimbia. Mtu huyo hakuwa na kosa lolote, na ndiye ambaye Defoe alikuwa akimtetea. Hofu yake ilikuwa halisi kama ambavyo ingekuwa kama kijitabu kingekuwa cha kweli, na siku alipopata habari kwamba ni kejeli, hakuna aliyemrudishia usiku ule.

Sijui kama Defoe aliwahi kumfikiria. Mimi nalazimika, kwa sababu wa kwangu ninamjua kwa jina, na nimekula mezani kwake.

Onyo la juu ya ukurasa

Wengi niliowaeleza habari hii walinipa ushauri mmoja: weka onyo kubwa, lisilokosekana. Nimeshasema kwamba onyo lilikuwapo. Lilikuwa la kwanza kukatwa, na sidhani kwamba aliyelikata alikuwa na nia mbaya. Huenda aliona tu kwamba linapunguza utamu. Mwaka 2014 Facebook ilijaribu kuweka alama ya kutambulisha kejeli mbele ya vichwa vya habari vya The Onion, na waliolipinga jambo hilo walisema kwamba kejeli iliyotangazwa mapema haina tena kazi ya kufanya.

Hoja yao ni nzito kuliko inavyoonekana. Kejeli ya umbo la habari humpa msomaji nafasi ya kuamini kwanza, hata kwa nukta moja, kisha humwacha agundue mwenyewe. Na katika ugunduzi huo anajifunza jinsi alivyokuwa tayari kuamini. Mwaka 1729 Jonathan Swift alipopendekeza kwamba maskini wa Ireland wawauze watoto wao ili waliwe na matajiri, alianza kwa hesabu za upole za mtu mwenye huruma na takwimu, na msomaji huitikia kwa kichwa hadi pale anaposhtuka kwamba ameitikia mno. Ondoa kule kuitikia, na kinachobaki ni hotuba ya mtu mwenye hasira, ambayo wenye mamlaka wa zama zile walikuwa wameshazizoea.

Mwezi Oktoba 2022 The Onion waliwasilisha hoja hiyo hiyo mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Walikuwa wakimuunga mkono mkazi wa Parma, Ohio, ambaye mwaka 2016 alifungua ukurasa wa Facebook wa kuigiza ule wa polisi wa mji wake, akakamatwa, akalala mahabusu siku nne, na hatimaye akaachiwa huru na raia walioamua kesi yake. Alipowashtaki polisi, mahakama zilimkatalia, na mwezi Februari 2023 Mahakama ya Juu nayo ilikataa kuisikiliza rufaa yake. Waandishi wa The Onion walieleza kwamba mwigo unaojitambulisha kabla ya kuanza hauwezi tena kumfanyia msomaji kile ulichokusudiwa.

Nakubaliana nao neno kwa neno. Lakini ninapokubali, sioni tena jinsi ya kusema kwamba kuaminiwa kulikuwa ajali. Nilitaka kuaminiwa. Nilichagua fonti ya barua za serikali, nikaweka namba ya kumbukumbu na vifungu, nikaiga hata ile tabia yao ya kumaliza kila sharti kwa neno "bila kukosa". Ustadi wote niliokuwa nao niliutumia ili nukta ile ya kuamini ije, na iwe na nguvu. Kilichonishinda ni kuhakikisha kwamba inakwisha.

Wenye nguvu huelewa

Hapa nahitaji kusimama, kwa sababu ninaogopa jinsi maneno yangu yanavyoweza kutumiwa. "Wananchi watapotoshwa" ni kauli ambayo kila mwenye cheo aliyechorwa vibaya huikimbilia, na mara nyingi haina uhusiano wowote na wananchi.

Wanaochorwa huelewa vizuri sana. Honoré Daumier alipomchora Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa mwaka 1831 kama jitu lililoketi na kumezeshwa vikapu vya sarafu zilizokusanywa kutoka kwa maskini, hakuna mtu katika ikulu aliyedhani kwamba mfalme kweli anakula fedha. Daumier alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa sababu picha ilieleweka. Mhariri wake, Charles Philipon, alijitetea mahakamani kwa kuchora uso wa mfalme ukigeuka hatua kwa hatua kuwa tunda la peasi, akauliza kama mahakama itayapiga marufuku mapeasi pia. Alipatikana na hatia, lakini peasi zikaenea kwenye kuta za Paris, na mwezi Septemba 1835 serikali ikarudisha sheria ya kukagua michoro kabla haijachapishwa, huku maandishi yakiachwa bila ukaguzi wa aina hiyo. Waliona kwamba kibonzo kinamfikia hata asiyejua kusoma, na hilo ndilo lililowatisha.

Ali Ferzat, mchoraji wa vibonzo wa Syria, alipigwa mwaka 2011, na waliompiga wakamvunja mikono. Naji al-Ali, mchoraji wa Kipalestina aliyemuumba mtoto Handala anayetupa mgongo daima, alipigwa risasi London mwezi Julai 1987 na akafariki mwezi uliofuata. Tarehe 7 Januari 2015 watu 12 waliuawa katika shambulio dhidi ya gazeti la kejeli la Charlie Hebdo mjini Paris, miongoni mwao wachoraji Cabu, Charb, Wolinski, Tignous na Honoré.

Juu ya hayo sina "lakini" ya kuongeza.

Ninachokitaka ni kuweka mambo mawili mbali kabisa: aliyechorwa, kisha akatuma polisi, mawakili au bunduki, na yule ambaye hakuchorwa ila jiwe lilimwangukia. Wa kwanza hana la kunidai. Makosa yamekuwa mengi kwa sababu tunapoulizwa habari za wa pili, sisi tunaoipenda kazi hii hujibu kana kwamba tumeulizwa na wa kwanza. Mimi nilijibu hivyo. Rafiki yangu aliponieleza kuhusu baba yake, mdomo wangu ulikuwa tayari umeanza kusema habari za uhuru wa kuandika, na nashukuru kwamba alikata simu kabla sijamaliza sentensi.

Picha iliyotoka nyumbani kwake

Kuna kanuni inayorudiwa sana na wachoraji na waandishi wa kejeli: mpige aliye juu yako, usimpige aliye chini. Nimeishi nayo. Tatizo lake nimeliona sasa, nalo ni kwamba aliye juu na aliye chini hujulikana mahali pale picha ilipozaliwa, na picha haikai hapo.

Mwaka 2013 Charb alimchora Christiane Taubira, waziri wa sheria wa Ufaransa na mwanamke mweusi, kwa mwili wa nyani. Ukiona picha hiyo peke yake unaona ubaguzi, na huhitaji maelezo. Waliokuwa Ufaransa wakati huo walijua kwamba mfano huo wa kinyama ulikuwa umetoka kinywani mwa watu wa mrengo mkali wa kulia, na kwamba maneno na alama alizoziweka Charb pembeni zililenga chama chao na kukiita cha kibaguzi. Taubira mwenyewe alizungumza katika mazishi ya Tignous mwezi Januari 2015. Bado, picha ilipovuka mipaka maneno ya pembeni hayakueleweka au yalikatwa, na mamilioni ya watu waliobaki na nyani na uso wa mwanamke mweusi hawakuwa wajinga kwa kukiona kilichokuwa mbele ya macho yao.

Sijafikia uamuzi kuhusu picha ile, na nimejaribu. Siku nyingine naona kwamba Charb alikuwa sahihi kuwarushia wabaguzi uchafu wao wenyewe. Siku nyingine naona kwamba kuna taswira ambazo zimeumiza kwa karne nyingi kiasi kwamba haziwezi kubebwa na mkono wowote bila kumchoma yule yule aliyeumizwa nazo tangu mwanzo. Linalonitesa ni kwamba yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, kwa wasomaji wawili tofauti, na mchoraji anawajibika kwa mmoja tu kwa sababu ndiye pekee aliyemfikiria.

Jibu lililonipa pumzi kidogo lilitoka kwa Malkia Rania wa Jordan. Mwezi Januari 2016 Charlie Hebdo walichora kwamba Alan Kurdi, mtoto wa Kisyria aliyekufa maji mwaka 2015, angekua na kuwa mwanamume wa kuwashikashika wanawake. Wapo waliosema kwamba waliokejeliwa ni Wazungu wanaowahurumia wakimbizi leo na kuwachukia kesho, na huenda ni hivyo. Rania hakuomba gazeti lifungwe. Alisambaza mchoro wa Osama Hajjaj wa Jordan, unaomwonyesha mtoto yule akikua hadi kuwa daktari. Mchoro ulijibiwa kwa mchoro, na aliyejibiwa kwa niaba yake alikuwa yule aliyeangukiwa na jiwe.

Maoni niliyoyaona

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizungukia tangu mwanzo.

Siku ya pili baada ya kuchapisha, msomaji mmoja aliuliza chini ya makala kama mashahidi hao wanaweza kuwa ndugu wa damu. Niliyasoma maoni hayo. Nakumbuka nilikuwa nimekaa, simu mkononi, na nakumbuka furaha niliyoipata, kwa kuwa niliona kwamba umbo limefaulu. Siku iliyofuata mwingine aliuliza tarehe ya mwisho. Nilijiambia kwamba hao ni watu wanaoendeleza mchezo, na sikujibu, kwa sababu kumjibu mmoja kwa maneno ya kawaida kungevunja kile nilichokijenga kwa ajili ya wengine.

Gazeti la kawaida likikosea jina la mtu, kesho yake huweka masahihisho, hata yawe mafupi na pembeni. Mwandishi wa kejeli hana safu ya masahihisho, na kwa miaka mingi nililiona hilo kuwa fahari ya kazi yetu: hatudai kwamba ni kweli, kwa hiyo hatuna la kusahihisha. Lakini kilichohitajika siku ile hakikuwa kusahihisha makala. Kilihitajika kumjibu mtu mmoja, kwa sentensi moja, kwamba hapana, ndugu yangu, sharti hilo halipo, usihangaike. Ingenigharimu sekunde kumi na kiburi kidogo.

Niliacha maswali mawili bila jibu, na wiki tatu baadaye wazee watatu waliamka kabla ya alfajiri.

Kalamu nyekundu

Nilikwenda kumwona Jumamosi ya wiki ile. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, marefu kuliko yalivyohitajika, na nilianza kuyatoa mara tu baada ya salamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Alinisikiliza hadi katikati, kisha akainua mkono kwa upole. Alisema kwamba radhi amezipokea, na kwamba vicheko vya vijana wa dirishani havikuwa vya kwanza kwake. Kulikuwa na jambo lingine lililokuwa likimsumbua. Alikwenda chumbani akarudi na karatasi ile ile, sasa imechakaa kwenye mikunjo, na kalamu nyekundu.

"Mwezi ujao narudi tena pale," alisema. "Nataka unionyeshe ya kweli ni yapi na ya kwako ni yapi. Nisije nikaliacha la kweli nikidhani nalo ni lako."

Katika wiki zote za kuwaza kuhusu Defoe na Daumier, swali hilo halikunijia. Nilikuwa nimechanganya ya kweli na ya kubuni kwa uangalifu mkubwa, ili mshono usionekane, na sasa mtu aliyevaa nguo hiyo alinitaka nimwonyeshe ulipopita. Tulikaa mezani, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaanza na la kwanza. Nakala ya cheti iliyogongwa muhuri ndani ya miezi mitatu: kweli, akaandika "ndiyo" pembeni kwa mwandiko wake wa hesabu, ulionyooka. Picha mpya ukiwa umeshika gazeti la siku hiyo: nilibuni, akaandika "hapana". Alikuwa ameshapiga picha hiyo. Aliitoa bahashani akaitazama kidogo, akairudisha.

Alipofika kwenye mashahidi hakuniuliza. Aliandika tu.

Tulifika kwenye sharti la tisa, lililosema kwamba mstaafu mgonjwa asiyeweza kufika ofisini atapaswa kufika mwenyewe ili aeleze kwamba hawezi kufika. Hilo nililibuni usiku wa mwisho, na ndilo nililolipenda kuliko yote, kwa sababu niliona kwamba hapo nimevuka mpaka ambao hata wao wasingeweza kuufikia. Nikamwambia, "Hili ni langu, mzee. Weka hapana."

Hakuandika. Alinitazama, kisha akaitazama karatasi.

"Hili lilimpata mwenzangu mwaka juzi," alisema. "Mguu ulikuwa umevunjika. Mwanawe alipeleka barua ya daktari, wakamwambia mgonjwa aje aseme mwenyewe. Tulimbeba kwenye kiti, mimi na wanawe. Wewe alikusimulia nani?"

Nikamwambia kwamba hakuna aliyenisimulia.

Alinyamaza kwa muda, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Kisha akaandika "ndiyo" mbele ya sharti la tisa, taratibu, akapulizia wino ukauke, na kidole chake kikashuka hadi mstari uliofuata.

"Haya," akasema. "La kumi."